Nyumba ya Siku Ambazo Hatupo

Nilitimiza umri wa kustaafu mwaka 2022, na mwezi Desemba mwaka huo nikakabidhi funguo za nyumba ya walimu mjini Jinja, Uganda, ambamo nilikaa miaka 17 nikifundisha Kiswahili. Mume wangu, ninayemwita mzee, alikuwa ameacha kazi kabla yangu. Yeye aliendesha malori kati ya Mombasa, Kampala na Kigali kwa miaka 28, na kitu pekee alichokitamani baada ya miaka hiyo ni kupita tena barabara zilezile bila mzigo, bila tajiri wa kumpigia simu akitaka kujua amefika wapi. Tukanunua basi kuukuu la Toyota Coaster kwa shilingi milioni 46 za Uganda na kulipeleka kwa mafundi wa Katwe, Kampala, ambao waling'oa viti vyote wakaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji la lita 120 na paneli mbili za sola juu ya paa. Kazi hiyo ilikula milioni 19 nyingine. Mpango wetu ulikuwa kwamba miezi ya kiangazi, yaani Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, tuwe barabarani, na miezi ya mvua tutulie mahali pamoja.

Kuhusu hapo mahali pamoja hatukuwa tumefikiri vya kutosha, na uzembe huo ulitugharimu karibu mwaka mmoja na nusu na shilingi zinazokaribia milioni saba. Ninawaandikia wastaafu wenzangu, pamoja na vijana ninaowaona siku hizi wakigeuza magari kuwa nyumba, kwa sababu wengi wananiuliza juu ya basi na hakuna anayeniuliza juu ya kiwanja. Basi lilitusumbua kidogo sana. Kiwanja ndicho kilichotutoa machozi.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mwenye nyumba ya magurudumu hahitaji nyumba nyingine. Januari na Februari 2023 tulizunguka magharibi, tukalala Ziwa Mburo na Mweya, tukapanda hadi Fort Portal, na kila asubuhi nilijiambia kwamba nilichelewa kustaafu. Mvua za Machi zilipoanza tukarudi Jinja na kuegesha uani kwa binamu yangu. Hapo ndipo mambo madogo yalipoanza kutubana. Mzee ana shinikizo la damu na dawa zake hutolewa kliniki kila mwezi, mahali ambapo faili lake lipo na muuguzi anamfahamu. Benki ilitaka kujua tunaishi wapi. Nilipohitaji barua ya utambulisho, mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la mtaa au kijiji, wa mtaa wangu wa zamani alinieleza kwa upole kwamba mimi si mkazi wake tena, na yule wa mtaa wa binamu akasema kwamba hanifahamu bado. Wote wawili walikuwa na haki. Katika nchi hii barua ya LC ndiyo mlango wa mambo mengi, kuanzia kitambulisho cha taifa hadi dhamana ya mtu aliyekamatwa, na haiandikwi kwa mtu asiye na jirani. Vitambulisho vilivyotolewa kwa wingi mwaka 2014 na 2015 vilikuwa na ukomo wa miaka 10, kwa hiyo nilijua kwamba siku ya kukihuisha changu haiko mbali. Mtu hawezi kujaza kwenye fomu kwamba anakaa ndani ya Coaster.

Basi tukaanza kutafuta, na tukatafuta kwa macho tu. Dalali mmoja alituvusha daraja jipya la Jinja, lile lililofunguliwa mwaka 2018, akatupeleka upande wa Njeru kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyoelekea mto Nile. Ilikuwa saa moja asubuhi. Ukungu ulikuwa ukiinuka juu ya maji, wavuvi wawili wakivuta nyavu kimya kimya, na mzee wangu akaketi juu ya jiwe bila kusema neno. Nilipomtazama nikajua kwamba moyoni ameshanunua, na mimi nilikuwa nimenunua kabla yake. Bei ilikuwa milioni 38. Tulilipa arubuni ya milioni tano siku ya pili.

Hatukujiuliza kwamba kuvuka daraja lile ni kutoka Busoga na kuingia Buganda, ambako sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya mfumo wa mailo uliotokana na mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda. Mtu mmoja huwa na hati ya ardhi, na mwingine, mwenye kibanja, huwa na haki ya kuikalia na kulipa busuulu, yaani kodi ndogo ya ardhi, kila mwaka. Tulichokuwa tukiuziwa ni kibanja. Simaanishi kwamba kibanja ni kitu kibaya. Watu wengi wamezaliwa na kuzikwa kwenye vibanja vyao kwa amani, na sheria inamlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Lakini anayeuza kibanja anapaswa kupata ridhaa ya mwenye hati, ambaye ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kukinunua, na dalali wetu hakuwahi kumtaja mtu huyo. Tena hii ni haki inayosimama juu ya kukaa na kuonekana. Kwa mtu ambaye nusu ya mwaka hayupo, sikuiona kuwa nguzo imara ya kuegemea.

Lililovunja ununuzi wenyewe, hata hivyo, lilikuwa jambo jingine. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi za mazingira, alikuja kutusalimia, akatazama mto, akatazama nyumba, akaomba utepe wa kupimia. Kutoka ukingo wa mto hadi ukuta wa mbele zilikuwa mita 61. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinahifadhi mita 100 kando ya mto Nile, na mita 200 kando ya Ziwa Victoria. "Mwalimu," akaniambia, "nyumba hii wanaweza kuja kuichora alama nyekundu ya kubomolewa siku yoyote, na siku hiyo ninyi mtakuwa mbali huko Karamoja." Tukadai arubuni yetu. Baada ya miezi miwili ya kufuatilia tukarudishiwa milioni mbili, na tatu zikabaki huko.

Niongeze jambo dogo hapa, kwa kuwa limewaponza wengi. Kiwanja kile cha futi 50 kwa 100 kilitajwa kwetu kuwa na desimali 12 na nusu. Desimali moja ni sehemu moja ya mia ya ekari. Ukipiga hesabu, futi 50 kwa 100 ni desimali kumi na moja na nusu, si kumi na mbili na nusu. Bei ikitajwa kwa desimali, tofauti hiyo moja ni fedha inayotoka mfukoni mwako. Piga hesabu mwenyewe, tena umlipe mpimaji wa ardhi unayemchagua wewe.

Baada ya hasara hiyo tukawa waoga, tukaamua kupanga kwanza. Uamuzi wa kupanga ulikuwa mzuri, na bado ningemshauri mtu yeyote apange mahali msimu mzima kabla ya kununua. Nyumba tuliyoichagua ndiyo iliyokuwa mbaya. Ilikuwa pembezoni mwa Jinja, kwenye njia nyembamba inayotoka barabara ya Iganga, na tulilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shilingi milioni 2 na laki moja. Tulipohamia, mwezi wa Mei, basi liliingia bila shida kwa sababu jirani alikuwa amefyeka uwanja wake tukapitia humo. Juni tukamwachia kijana mmoja ufunguo na posho ya mwezi, tukaelekea kaskazini kwa njia ya Mbale na Soroti hadi hifadhi ya wanyama ya Kidepo.

Tulirudi mwishoni mwa Agosti, saa nne za usiku, mvua ikinyesha. Jirani alikuwa ameshajenga ukuta. Kijana wetu, ambaye hakuwa na nia mbaya, alikuwa amepanda mahindi uani tulipokuwa tukiegesha, na yalikuwa yamefika kifuani. Nilishuka na tochi nikasimama nyuma ya basi nikimwelekeza mzee anaporudi nyuma kidogo kidogo, kandambili zangu zikinaswa na matope, maji yakinitiririka shingoni. Nilikuwa nikitazama magurudumu, kama kila mtu anavyofanya. Sikutazama juu. Mtu fulani alikuwa amevuta waya wa umeme kutoka nguzo hadi kibanda chake, nao ulining'inia chini kuliko paa la basi. Nilisikia kwanza mkwaruzo, kisha mlio kama wa kioo kinachopasuka chini ya kitambaa, na paneli ya nyuma ikainuka upande mmoja. Nilipiga kelele. Mzee akazima injini, tukabaki gizani tukisikiliza mvua ikigonga bati, hakuna kati yetu aliyethubutu kugusa chuma cha basi. Tulilala kwa jirani. Asubuhi ilionekana kwamba waya haukuchubuka, na kwa hilo tulimshukuru Mungu kwa dhati. Paneli na nyaya zake zilitugharimu shilingi laki tisa na nusu. Ndani ya nyumba panya walikuwa wamelifanya godoro letu jipya la laki sita kuwa mji wao.

Wiki ile hatukutafuta kiwanja. Tulikaa barazani na daftari, na mzee, kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kupima mizigo, akalipima basi letu upya. Urefu ulikuwa mita saba kasoro kidogo, upana mita 2 na sentimita 10, kimo pamoja na paneli karibu mita tatu. Akafunga kamba kwenye vijiti, akaligeuza basi kwenye uwanja wa shule moja jirani, akaona kwamba linahitaji kama mita 13 hadi 14 ili kugeuka kwa mkupuo mmoja. Kutokana na hayo tukaandika kwamba lango lisipungue mita nne, kwamba njia ya kulifikia iwe ya umma na si hisani ya jirani, na kwamba pasiwe na waya wowote chini ya mita tano. Kisha akaandika sentensi ambayo tangu siku hiyo imeongoza kila tulichofanya: tukiwapo tunaweza kulala popote, hata ndani ya basi, nyumba tunaitafuta kwa ajili ya siku ambazo hatupo.

Sentensi hiyo ilibadilisha macho yetu. Mandhari yalishuka hadi mwisho wa orodha. Juu yake vilipanda vitu ambavyo awali hatukuviuliza kabisa: nani analala karibu na ukuta wetu, maji ya mvua yanaelekea wapi, hospitali iko umbali gani, na ikiwa mmoja wetu atafia safarini, mwenzake atarudi mahali gani penye watu. Ramani pia tuliitazama upya. Tulikuwa tumeng'ang'ania Jinja kwa mazoea, ilhali safari zetu nyingi ni za Mombasa na Arusha, waliko watoto, na za kaskazini. Tororo iko karibu na mpaka wa Kenya, kwani kutoka hapo hadi Malaba hakufiki kilomita 20, na barabara ya Mbale, Soroti na Lira inaanzia hapohapo. Hospitali ya rufaa ya Mbale haiko mbali. Viwanja navyo vilikuwa vya bei nafuu.

Tulianza kuvitazama Machi 2024, mvua zilipoanza, na kwa makusudi. Sisi huwa nyumbani wakati wa mvua, kwa hiyo kiwanja kinachopendeza Januari hakituambii lolote. Mzee alikuwa akienda na fimbo ya chuma, anaichomeka pale ambapo basi lingesimama. Viwanja viwili tuliviacha kwa sababu fimbo iliingia hadi kiganjani kwake kama kisu kwenye ndizi mbivu. Basi lililojaa maji na vyombo lina uzito wa tani kadhaa na lingezama hadi ekseli. Cha tatu, cha futi 100 kwa 100, kilikuwa kwenye mteremko mwepesi, udongo wake wa changarawe, na Jiwe la Tororo linaonekana kwa mbali juu ya miembe. Huo mwonekano haukuwa kwenye daftari, lakini sikuukataa.

Ardhi ile ilikuwa ya kimila, na ununuzi wake ulichukua miezi mitatu. Wazee wa ukoo walikutana, majirani wa pande zote nne wakatembea nasi mpakani wakionyesha kila mmoja mwisho wa shamba lake, na mwenyekiti wa LC I akaandika. Dalali alitaka tumalize haraka bila saini ya mke wa muuzaji, aliyekuwa akiuguza mtu Mbale. Tulikataa tukamsubiri wiki mbili, kwa kuwa Sheria ya Ardhi inadai ridhaa ya mwenzi wa ndoa pale familia inapoishi au inapopata riziki yake. Naye aliporudi akataka mwembe mmoja ubaki wa kwao hadi mavuno ya mwaka ule, tukakubali, tukaandika hata hilo. Baadaye tuliomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo. Jambo hili ninalisisitiza kwa wanaopenda njia za mkato: saini tulizozikusanya kwa taabu ndizo zilizotufahamisha kwa watu. Tulipomaliza, kila jirani alikuwa ameshakunywa chai nasi.

Mzee mmoja wa ukoo, katika kikao cha mwisho, aliniuliza swali ambalo hakuna dalali aliyewahi kuniuliza. "Mama mwalimu, mtakuwa mnaondoka miezi na miezi. Msiba ukitokea hapa, tutawapata wapi?" Nilijibu kwamba tutapigiwa simu. Akatikisa kichwa. Alikuwa akiniambia kwamba msiba hauhudhuriwi kwa simu, na asiyefika misibani hana jirani wa kumtazamia nyumba. Tukajiunga na chama cha mazishi cha kijiji, na kabla ya kila safari tunalipa michango ya miezi yote tutakayokosekana. Februari 2025 mama wa jirani yetu wa chini alifariki tukiwa Kidepo, mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kubahatisha. Habari ilitufikia siku tano baadaye. Tuliporudi hatukupitia nyumbani kwanza. Basi lilisimama nje ya lango lake, tukakaa naye hadi jioni, tukampa tulichokuwa nacho. Bado najisikia vibaya kwamba hatukumzika yule mama, aliyenifundisha kukausha mihogo. Mwanawe hata hivyo ndiye anayeangalia tangi letu la maji hapo nyumbani.

Kiwanja kilitugharimu milioni 24, nyumba ya vyumba vitatu milioni 33. Vyumba viwili ni vyetu. Cha tatu, chenye mlango wake, anaishi muuguzi kijana na mumewe kwa kodi ya nusu ya bei ya mtaa, na mkataba wao unataja wazi kwamba uani hapapandwi kitu. Mlinzi wa posho hulala anapojua kwamba tajiri yuko mbali. Mpangaji hupika na kuwasha taa, na usiku mtoto wake hulia, na mwizi husikia hayo yote. Milioni sita na nusu zilikwenda kwenye lango, mtaro na maegesho ya mawe yaliyoshindiliwa, pamoja na paa la mabati lenye kimo cha mita nne. Watu walishangaa kuona paa la basi likitangulia dari ya nyumba, lakini jua na mvua huliua basi lililosimama kuliko barabara inavyoliua. Tangi la lita 5,000 hukinga maji ya mapaa yote mawili. Kasha la choo cha basi tunalimwaga kwenye shimo letu wenyewe, nasi hatutumii dawa kali, maana huua vijidudu vinavyosaga uchafu shimoni.

Basi likipumzika, tunachomoa waya wa betri, tunajaza dizeli ili unyevu usijikusanye tangini, tunaweka mbao chini ya matairi, na hatuachi hata chembe ya unga ndani, kwa ajili ya panya. Nyumba ikipumzika, vitambulisho na nakala za hati haviachwi humo. Vinasafiri nasi, na nakala nyingine ziko kwa binamu yangu Jinja.

Hatukupata kila kitu. Malori ya mpakani hunguruma usiku kucha upepo ukielekea kwetu, na mzee huyatambua kwa mlio, hii ni Scania, hii ni Actros, mpaka mimi nakosa usingizi. Mchwa tunapigana nao kila msimu. Marafiki wangu wa miaka yote wako Jinja, na kuna jioni ninazowakosa sana.

Kesho kutwa tunaondoka kwenda Mombasa. Muuguzi amenipa orodha ya dawa za mzee za miezi miwili, nimelipa chama cha mazishi hadi Agosti, na yule jirani wa chini amekuja jioni hii kuchukua ufunguo wa lango. Aliuzungusha mara mbili kwenye kufuli ili ahakikishe, akautia mfukoni, akaniuliza kama miembe ikiiva aigawe kwa watoto au atuuzie. Nimemwambia awape watoto.